Akropoli, Sounion au Aphaia: uchague hekalu lipi la mlimani ukiwa Athens

Mtu akifika Athens kwa siku mbili tatu, Akropoli haimpi shida kuichagua. Imekaa juu ya mwamba katikati ya mji, na utaiona hata usipoitafuta. Mtihani unaanza siku ya pili. Upande basi hadi rasi ya Sounion ukalione hekalu la Poseidon, mungu wa bahari, lililo juu ya maji, au uvuke kwa meli hadi kisiwa cha Aegina, kwenye hekalu la Aphaia? Na mwenye siku moja tu, je, avumilie umati na tiketi ya euro 30 pale Akropoli, au akatafute utulivu kwingine?

Mahekalu haya matatu (kwa Akropoli tuna maana ya Parthenon, hekalu lake kuu) ni ndugu. Yote ni ya mtindo wa Kidoriki: nguzo nene zisizo na kitako, zilizochongwa mifereji kutoka chini hadi juu, na kichwa cha duara kinachobeba boriti ya jiwe. Yote yaliwekwa juu ili yaonekane kutoka mbali, na yote yalijengwa ndani ya miaka kama sabini, kati ya mwaka 500 KK hivi na 432 KK. Kinachoyatofautisha ni kile kilichosalia hadi leo, na kazi utakayoifanya kukifikia.

Rai yetu tuitoe mapema. Akropoli ni ya kwanza, hata kwa mwenye saa nne tu mkononi. Ya pili, kwa mtu anayetaka kuelewa hekalu la Kigiriki lilivyofanya kazi, ni Aphaia, ingawa mabasi ya watalii mjini Athens humpeleka karibu kila mgeni Sounion. Sounion tunaipa nafasi ya kwanza kwa jambo moja tu, nalo ni mahali lilipo.

| | Akropoli (Parthenon) | Sounion | Aphaia |
|---|---|---|---|
| Limejengwa | 447–432 KK | 444–440 KK | kama 500–480 KK |
| Nguzo za nje | 8 kwa 17 | 6 kwa 13 | 6 kwa 12 |
| Kimo cha nguzo | mita 10.4 | mita 6.1 | mita 5.3 hivi |
| Jiwe | marumaru ya mlima Penteli | marumaru ya Agrileza | jiwe la chokaa la kisiwani |
| Safari kutoka katikati ya Athens | dakika 15 kwa miguu | saa 2 kwa basi | saa 2½ hadi 3 kwa treni, meli na basi |
| Muda wa kukaa hapo | saa 2–3, na makumbusho saa 2 | saa 1–1½ | saa 1–1½ |
| Kivuli | hakuna juu | hakuna | misonobari pembeni |

Ukijumlisha nguzo za pande zote nne utakosea, maana nguzo ya kona huhesabiwa pande mbili. Parthenon ilikuwa na nguzo 46 kuizunguka, Sounion 34, Aphaia 32.

Jambo moja kuhusu saa kabla hatujaendelea. Humu tumezitaja kwa Kiswahili. Tiketi na ratiba za Ugiriki hutumia saa 24, kwa hiyo 08:00 ni saa mbili asubuhi na 20:00 ni saa mbili usiku. Tiketi ya Akropoli ina saa yake ya kuingia, na atakayechanganya hesabu hii atakuta muda wake umepita.

Akropoli: nenda na ratiba mkononi

Tangu Septemba 2023 wageni wa Akropoli huingia kwa zamu, na idadi yao kwa siku imewekewa kikomo cha 20,000. Unanunua tiketi mtandaoni, unachagua siku na saa, na unatakiwa kufika ndani ya robo saa kabla au baada ya saa hiyo. Tangu Aprili 2025 bei ni euro 30. Ile tiketi ya pamoja iliyokuwa inafungua na maeneo mengine ya kale ya mjini imeondolewa, kwa hiyo puuza maelezo ya zamani yanayoisifia. Nunua kwenye tovuti ya serikali ya Ugiriki yenyewe. Wauzaji wengine hukuuzia tiketi ileile kwa bei ya juu wakiipamba kwa maneno ya “kuruka foleni”, na hali foleni ya ukaguzi wa mizigo hairukwi na mtu.

Zamu ya saa mbili asubuhi ndiyo bora kuliko zote. Meli za kitalii zikitia nanga bandari ya Piraeus, makundi yao huanza kufika baada ya kama saa moja na nusu, na kuanzia hapo hadi adhuhuri Propylaia, lango la kale la kuingilia kileleni, hubanana kiasi kwamba unapanda ngazi kwa mwendo wa mtu aliye mbele yako. Ukikosa zamu ya asubuhi, chukua ya jioni, saa mbili hivi kabla ya kufunga. Zamu za katikati ya mchana, Juni hadi Agosti, tunakushauri uziache kabisa. Jua kule juu halina pa kulikimbia, na mwamba wenyewe unarudisha joto usoni. Joto likivuka kiasi, wizara ya utamaduni hufunga eneo lote kwa saa kadhaa mchana, kama ilivyofanya katika majira ya joto ya 2023, 2024 na 2025. Mwenye tiketi ya saa nane mchana ndiye huyumba.

Malango ni mawili. La magharibi ndilo kubwa, na ndilo makundi hushushwa. La kusini-mashariki liko karibu na kituo cha metro cha Akropoli, kwenye laini nyekundu, upande uleule wa makumbusho. Tumia hili la pili. Foleni yake kwa kawaida ni fupi, na unapanda polepole kupitia ukumbi wa maigizo wa Dionysos, eneo ambalo wanaoingia upande wa magharibi mara nyingi hulikosa kwa uchovu wa kushuka. Tenga dakika 20 hadi 30 kutoka lango hili hadi Propylaia. Ukishatoka nje, tiketi hairudii kazi, kwa hiyo tazama mteremko wakati wa kupanda.

Viatu ndivyo huamua siku yako. Marumaru ya njiani imesuguliwa na nyayo za watu mpaka inang’aa kama sahani, na huteleza hata ikiwa kavu. Baada ya mvua ni hatari hasa. Vaa raba zenye soli ya mpira ulioshika. Skuna haziruhusiwi, kwa sababu kisigino chembamba hukusanya uzito wote wa mwili kwenye ncha moja na kuchokonoa jiwe. Chakula hakiingii wala mabegi makubwa, maji yanaruhusiwa. Njia za zege zilizowekwa juu miaka ya 2020 na 2021 zililalamikiwa sana kwa sura yake, na malalamiko hayo yana haki, lakini zimemwezesha mtu wa kiti cha magurudumu kufika hadi mbele ya Parthenon. Upande wa kaskazini kuna lifti kwa ajili ya wenye ulemavu na wanaotembea kwa shida. Wasiliana na ofisi ya eneo mapema, kwani hali ya hewa ikichafuka husimamishwa.

Sasa, unatazama nini? Wengi hupiga picha ya Parthenon, wakatazama mji, wakashuka. Simama kwanza kwenye kona ya hekalu, kadiri kamba inavyokuruhusu, uinamishe kichwa mpaka jicho lilingane na ngazi ya juu, kisha itazame ngazi ile kwa urefu wake. Imebinuka. Katika urefu wa mita 69.5, katikati imepanda kama sentimita 11 kuliko kwenye kona. Nguzo nazo zimeegemea ndani kidogo, na zile za kona ni nene kidogo kuliko wenzake. Iktinos na Kallikrates, wasanifu wa hekalu, hawakuacha karibu mstari wowote mkubwa ukanyooka kama rula. Hii maana yake kila kipande cha nguzo kilichongwa kwa ajili ya mahali pake pekee, na ndiyo sababu warejeshaji wa leo hutumia miaka kutafuta jiwe fulani lilikaa wapi.

Majukwaa na winchi utakazoziona zisikukasirishe, maana nazo zina mafunzo. Wajenzi wa kale waliunganisha mawe kwa vibanio vya chuma vilivyozungushiwa risasi iliyoyeyushwa, ili unyevu usikifikie chuma. Mwanzoni mwa karne ya 20 hekalu lilikarabatiwa kwa vyuma visivyo na kinga hiyo. Vikashika kutu, kutu ikavimba, marumaru ikapasuka kutoka ndani. Kazi inayoendelea tangu miaka ya 1970 na 1980 ni kuvitoa vyuma hivyo na kuweka vya titani, na kujazia kwa marumaru mpya ya Penteli ileile. Vipande vyeupe pee ni vipya. Vya rangi ya asali ni vya kale, kwa sababu marumaru ya Penteli ina chembe za chuma zinazobadilika rangi kwa miaka.

Katikati ya hekalu utaona pengo. Tarehe 26 Septemba 1687, jeshi la Venice liliupiga mwamba huu kwa mizinga wakati Waturuki wa Osmani, watawala wa mji, wamehifadhi baruti ndani ya Parthenon, na baruti ikalipuka. Kabla ya siku hiyo jengo lilikuwa limesimama zaidi ya miaka elfu mbili, likawa kanisa la Bikira Maria kwa karne nyingi, halafu msikiti. Kuanzia 1801, watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza, wakashusha sehemu kubwa ya michongo iliyobaki. Serikali ya Uingereza ikainunua mwaka 1816, na Ugiriki bado inaidai hadi leo.

Ndiyo maana Akropoli bila makumbusho yake ni nusu ya ziara. Wasichana sita wa jiwe wanaobeba paa la baraza la Erechtheion, hekalu jingine la pale juu, ni nakala. Watano wa asili wako kwenye Makumbusho ya Akropoli chini ya mlima, wa sita yuko London. Ghorofa ya juu ya makumbusho hayo, yaliyofunguliwa 2009, imepangwa kwa vipimo na mwelekeo wa Parthenon yenyewe, na kupitia kioo unaliona hekalu huku ukiizunguka michongo yake. Ukanda wa michongo ya maandamano uliolizunguka hekalu ulikuwa na urefu wa mita 160. Kilicho cha rangi ya asali ni cha asili, kilicho cheupe cha plasta ni nakala ya vile vilivyoko ng’ambo. Tiketi ya makumbusho ni ya peke yake. Ijumaa hufungwa saa nne usiku, kwa hiyo mpango mzuri ni mlima asubuhi, usingizi wa mchana, makumbusho jioni.

Wakristo wataongeza kilima cha Areopago, mwamba mdogo ulio karibu na lango la magharibi, panapokumbukwa kuwa Paulo alisema na Waathene juu ya mungu asiyejulikana, kama ilivyo katika Matendo ya Mitume 17. Hakina tiketi wala lango. Panda kwa ngazi za chuma na uziache zile za kale zilizochongwa mwambani, kwa kuwa hizo zimekuwa laini kama sabuni.

Sounion: unalifuata eneo

Rasi ya Sounion iko kwenye ncha ya kusini-mashariki ya mkoa wa Attica, kama kilomita 70 kutoka Athens kwa barabara. Hekalu limesimama juu ya jabali la mita 60 hivi, na bahari iko pande tatu. Baharia wa kale aliyekuwa akirudi nyumbani aliliona hili kabla ya kitu kingine chochote cha Athens. Hadithi ya Wagiriki wa kale inasema mfalme Aegeus alijitupa baharini akidhani mwanawe Theseus amekufa, kwa sababu chombo kilirudi na tanga jeusi, na bahari ya Aegean ikachukua jina lake.

Kama hekalu, hata hivyo, kilichobaki ni kidogo. Nguzo zaidi kidogo ya kumi na tano zimesimama, ukuta wa ndani haupo, michongo imeliwa na chumvi. Kamba imelizunguka jengo na huruhusiwi kusogea karibu, hivyo lile jina la mshairi Byron lililokwaruzwa kwenye jiwe, ambalo kila mwongoza watalii hulitaja, utalitazama kwa mbali au usilione kabisa. Lenye kuvutia mtu wa ujenzi ni nguzo zenyewe. Nguzo ya Kidoriki kwa kawaida ina mifereji 20, hizi zina 16. Marumaru ya Agrileza, machimbo ya jirani, ni laini na haivumilii hewa ya chumvi, na mifereji michache huacha kingo nene zisizomeguka upesi. Marumaru hiyo haina chuma kama ile ya Penteli, ndiyo maana nguzo za Sounion zimebaki nyeupe mpaka leo. Ukiwa umetoka Akropoli jana yake, tofauti ya rangi utaiona mara moja.

Mabasi ni ya kampuni ya KTEL Attikis, na huanzia karibu na bustani ya Pedion tou Areos. Uliza kama basi ni la njia ya pwani, lile la bara hupita kwingine na halina mandhari. Beba fedha taslimu. Kaa upande wa kulia wakati wa kwenda na wa kushoto wakati wa kurudi, ndipo bahari ilipo. Hesabu saa mbili kila upande, na zaidi jioni za Jumapili za majira ya joto, maana Waathene nao hurudi kutoka ufukweni kwa barabara hiyohiyo.

Kosa la Sounion ni moja na hujirudia kila siku. Mtu huja kwa ajili ya machweo, halafu basi la mwisho linamwacha. Eneo hufungwa jua linapozama, walinzi huanza kuwatoa watu kwa filimbi, na basi la mwisho huweza kuondoka kabla hujafika kituoni. Teksi ya kurudi mjini ni ghali. Ukishuka tu kwenye basi, muulize dereva saa ya mwisho ya kurudi, na uiandike. Kama ratiba ya siku hiyo hailingani na machweo, tazama jua likishuka kwa nusu saa, uondoke likiwa bado juu ya maji. Rangi nzuri kwenye nguzo huja wakati huo, jua likiwa limeinama na kuzipiga kwa ubavu.

Kuhusu upepo: Julai na Agosti hupiga meltemi, upepo mkavu wa kaskazini unaoweza kuvuma siku tatu mfululizo. Juu ya rasi ile huondoa kofia na kuangusha vishikilia kamera. Watoto washikwe mkono karibu na ukingo. Mkahawa upo langoni, na chini kuna ufuko wa kuoga. Kwale huzurura katikati ya mawe bila hofu ya watu, na watoto huwafurahia kuliko magofu.

Aphaia: hapa ndipo hekalu linasomeka

Aphaia alikuwa mungu wa kike wa Aegina peke yake. Wagiriki wenyewe walimhusisha na Britomartis, mungu wa kike wa Krete. Jina lake lilikuwa limesahaulika kiasi kwamba watu walilidhania hekalu kuwa la Zeus au la Athena, mpaka mwaka 1901, wachimbaji wakiongozwa na Mjerumani Adolf Furtwängler walipopata maandishi yenye jina lake.

Kwa nini tunaliweka juu ya Sounion? Kwa sababu karibu kila sehemu iko mahali pake. Kati ya nguzo 32 za nje, 24 au zaidi bado zimesimama, na juu yake boriti. Anza upande wa mashariki, kwenye madhabahu. Ibada ilifanyika hapa nje, sadaka ikateketezwa mbele ya macho ya watu, na hekalu lilikuwa nyumba ya sanamu, wala si ukumbi wa waumini kama kanisa au msikiti. Kutoka madhabahuni unaona njia ya mteremko ikipanda hadi barazani, kisha mlango, kisha chumba cha ndani. Ndani ya chumba, tazama safu mbili za nguzo ndogo zilizopandana, ghorofa juu ya ghorofa. Nguzo moja ndefu ya kufikia paa ingelazimika kuwa nene mno na kula nafasi yote. Kwa kuweka nguzo fupi juu ya nyingine, wajenzi walifika juu kwa unene mdogo. Parthenon nayo ilikuwa na mpango kama huu, ila hakuna kilichobaki chake cha kukuonyesha.

Nguzo nyingi za nje zimechongwa kutoka jiwe moja zima, isipokuwa chache upande wa kaskazini zilizoungwa kwa vipande. Pale Parthenon nguzo moja ina vipande kumi hadi kumi na viwili. Jiwe la Aphaia ni la chokaa, lina vitundu, na halikukusudiwa kuonekana. Lilifunikwa kwa lipu laini ya unga wa marumaru, halafu sehemu za juu zikapakwa nyekundu na buluu. Aliyezoea magofu ya Kilwa Kisiwani au Gede ataielewa mbinu hii mara moja: jiwe la ndani ni la kukwaruza, uso ndio uliopewa heshima.

Michongo ya zile pembetatu za paa, mbele na nyuma, mashujaa wanaopigana vita vya Troya, usiitafute kisiwani. Ilichimbuliwa 1811 na kundi la wasafiri wakiwemo Cockerell na Haller von Hallerstein, ikanunuliwa kwa ajili ya Ludwig wa Bavaria, na leo iko kwenye makumbusho ya Glyptothek, Munich. Msomaji anayeishi Ujerumani akianzia huko, ziara ya Aegina itakamilika vizuri kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Safari inataka mpango. Chukua metro hadi Piraeus, laini ya kijani au ya buluu. Meli za Aegina huondokea lango E8, mwendo wa kama dakika kumi kutoka kituoni. Meli ya kawaida huchukua saa moja na robo, boti ya kasi dakika 40 na bei yake iko juu. Tunapendelea ile ya kawaida, kwani unakaa juu ya sitaha, na haisimamishwi upesi upepo ukiongezeka. Ukishuka Aegina, kituo cha basi kiko kando ya bandari. Panda linaloelekea Agia Marina na umwambie dereva akushushe Aphaia, nusu saa hivi. Kabla hujapanda, piga picha ratiba ya kurudi ukutani. Nje ya msimu wa joto mabasi ni machache, na pengo kati ya mawili linaweza kukukosesha meli. Likikupita, njia ya kushuka kwa miguu hadi Agia Marina hupita katikati ya misonobari na ni ya nusu saa na kidogo. Huko utapata teksi.

Pale juu kuna utulivu ambao Akropoli haiwezi kukupa tena. Harufu ya utomvu, kelele za nyenje, na siku yenye hewa safi unaiona Athens upande mmoja na Sounion upande mwingine. Ukipima kwenye ramani kwa mstari ulionyooka, kutoka Sounion hadi Akropoli ni kama kilomita 44, na kutoka Sounion hadi Aphaia ni kama 45. Waongozaji huita hii “pembetatu takatifu” na kudai ilipangwa. Sisi mandhari yenyewe yanatutosha.

Jumapili jioni epuka kurudi na meli za mwisho bila tiketi, maana wakazi wa Athens waliokuja wikendi hujaza kila kiti. Na usiondoke bila pistashio za kisiwa. Aegina inajulikana kwazo Ugiriki nzima, na zinauzwa kwenye vibanda vya bandarini palepale.

Nani aende wapi

Mwenye siku moja: Akropoli saa mbili asubuhi, makumbusho mchana, na hayo yanatosha. Usijaribu kubandika Sounion jioni yake wakati wa joto. Inawezekana kwa saa, lakini utafika umechoka na utalitazama hekalu kupitia dirisha la usingizi.

Ukiwa na wazee au mtu mwenye magoti mabovu, Sounion ndiyo nyepesi kwa mwili, kwani gari hufika karibu na lango na mwinuko ni mfupi. Aphaia pia haina kupanda kwingi ukishushwa na basi, ila kubadilisha vyombo vitatu kwenda na vitatu kurudi kunachosha kuliko ngazi. Akropoli wanaiweza wakienda polepole kwa lango la kusini-mashariki, au kwa lifti kama wanastahili.

Wenye watoto wadogo tunawashauri Aphaia bila kusita. Meli kwao ni sherehe, kivuli kipo, na baada ya hekalu kuna maji ya kuogelea Agia Marina. Mpiga picha aende Sounion. Mwanafunzi wa usanifu au mwalimu wa historia aende Akropoli na Aphaia, kwa mpangilio huo, na aiache Sounion bila kujilaumu.

Kwa tarehe, Aprili, Mei, mwisho wa Septemba na Oktoba ni nzuri kwa zote tatu. Maeneo haya hufungwa 1 Januari, 25 Machi, 1 Mei, Jumapili ya Pasaka na 25 na 26 Desemba. Angalia kwamba Pasaka ni ya Waorthodoksi, na miaka mingi hailingani na ile inayosherehekewa na Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana kwetu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, Novemba hadi Machi, kiingilio ni bure, na umati wa Akropoli siku hiyo utakulipisha kwa njia nyingine. Beba pasi yako halisi, kwa kuwa punguzo za umri hutolewa kwa kuionyesha, na picha ya simu huweza kukataliwa. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda atakuwa na viza ya Schengen ndani yake, hivyo iwe kwenye mfuko wa ndani unaofungika. Metro ya kwenda Piraeus ina wezi wa mfukoni.

Jambo la mwisho ni mpangilio wa siku zenyewe. Usiiweke Aphaia siku ya mwisho kabla ya ndege. Upepo ukizidi, mamlaka ya bandari huzuia meli kutoka, boti za kasi zikianza kabla ya meli kubwa, na mabaharia nao huwa na migomo. Iweke siku ya pili, Sounion ibaki akiba. Ukiamka ukakuta vyombo vimezuiwa Piraeus, barabara ya Sounion iko wazi: panda basi la mchana, vaa koti linalozuia upepo, na kofia uiache hotelini.